h-indeksi 19 Google Scholar, 11 Scopus: niweke ipi kwenye faili la kupanda cheo?

mtafiti_malaria
Wakuu, heshima kwenu. Naandaa faili la kutoka Mhadhiri Mwandamizi kwenda Profesa Mshiriki, eneo ni afya ya umma. Google Scholar inanipa h-indeksi 19 (yaani makala 19 zilizonukuliwa angalau mara 19 kila moja), Scopus 11. Makala 4 ni za Global Burden of Disease (GBD, mradi wa kimataifa wa kupima mzigo wa magonjwa), waandishi mamia. Niweke namba ipi? Na mchango kwenye sera unathibitishwaje?

mkutubi_wa_afya
Weka zote mbili, kila moja na jina la hifadhidata na tarehe uliyoisoma. Google Scholar huhesabu hata tasnifu, ripoti na nakala za awali zinazokunukuu. Scopus huhesabu machapisho iliyoyaorodhesha tu, hivyo kwa kawaida huwa chini.

Ila pengo la 8 linanitia shaka. Kagua kama Scopus haijakugawa watu wawili. Majina yetu hupata shida hiyo sana: jarida moja limechukua jina la baba kama ukoo, jingine la babu, na kwa wanawake kuna makala za kabla na baada ya kuolewa. Tafuta kila tahajia pamoja na kila taasisi uliyopitia, chagua wasifu zilizo zako, omba ziunganishwe. Marekebisho huchukua muda, usingoje wiki ya mwisho.

Google Scholar ina ugonjwa wa kinyume. Ukiacha makala zijiongeze zenyewe, utabeba za mwenye jina kama lako, na mjumbe mmoja wa kamati akiliona hilo faili zima litatiliwa shaka. Badili mpangilio ili kila makala ingoje idhini yako. Kisha andika ORCID yako (namba ya utambulisho wa mtafiti) kila unapowasilisha muswada. Ukiruhusu Crossref, shirika linalosajili DOI (namba za kudumu za makala), makala yenye DOI itaingia yenyewe kwenye rekodi yako ya ORCID.

takwimu_pwani
Kuhusu GBD: panga makala kuanzia iliyonukuliwa zaidi. Zikiwa 25, 14, 9, 6, 5, 2, basi h ni 5, kwa kuwa ya tano ina 5 na ya sita haifiki 6. Makala moja ikinukuliwa mara maelfu, h haipandi zaidi ya 1, ila jumla ya kunukuliwa inafura. Kwa hiyo toa mistari miwili: jumla na GBD, jumla bila GBD. Hirsch alipopendekeza kipimo hiki 2005 hakugawa sifa kwa idadi ya waandishi, na kamati makini inalijua hilo.

Ongeza kipimo cha iCite, zana ya NIH (taasisi za taifa za afya za Marekani). Bandika namba za makala zako za PubMed (hifadhidata ya makala za tiba), kitakupa uwiano uliorekebishwa kwa fani na mwaka, 1.0 ni makala ya wastani iliyofadhiliwa na NIH. Kinamsaidia anayeandika kuhusu magonjwa yenye watafiti wachache.

sera_na_ushahidi
Kwenye sera wengi hukosea kutafuta jina lao ndani ya mwongozo wa WHO, wakilikosa wanakata tamaa. Mwongozo mara nyingi hunukuu mapitio ya kimfumo (uchambuzi unaokusanya tafiti zote za swali moja), na makala yako imo ndani ya mapitio hayo. Fungua viambatisho vyenye majedwali ya GRADE (mfumo wa kupima ubora wa ushahidi), tafuta kwa jina la mwandishi wa kwanza na mwaka, halafu andika mnyororo mzima: makala, mapitio, pendekezo namba fulani, ukurasa.

Mfano bora ni FEAST, jaribio la Kenya, Uganda na Tanzania lililochapishwa 2011. Watoto wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu waliopewa dripu ya haraka walikufa zaidi ndani ya saa 48: karibu 10.5%, dhidi ya 7.3% kwa wasiopewa. Mwongozo wa WHO wa 2016 ukazuia dripu hiyo kwa mtoto mwenye dalili moja au mbili tu asiyetimiza vigezo vya shoku. Huo ndio uzito wa utafiti, na h-indeksi haiwezi kuuonyesha.

mtafiti_malaria
Shukrani sana. Na makala ambazo mimi ni mwandishi wa saba kati ya 15?

mkutubi_wa_afya
Tumia majukumu 14 ya CRediT (orodha ya kimataifa ya aina za michango ya waandishi). "Nilishiriki" haitoshi: andika kwamba ulibuni dodoso, ulisimamia ukusanyaji wa data Korogwe, ulichambua jedwali la 3. Hakikisha yanafanana na tamko la michango lililochapishwa kwenye makala yenyewe, maana wakaguzi wa nje hulifungua.