Nyumba ya Bibi Tukuyu: ndizi za kipaimara

ALHAMISI

Dada Sekela [18:42]: Ndugu zangu, habari za jioni. Ule mkungu wa kisukari aliotuma bibi umeiva wote kwa mpigo. Uliwekwa stoo pamoja na gunia la maparachichi, na maparachichi yakianza kuiva yanaivisha na kila kilicho jirani. Ganda limeshakuwa jeusi. Jumapili haufiki.

Dada Sekela [18:43]: Hatutupi hata moja. Tunaoka mikate ya ndizi 12 kwa ajili ya kipaimara cha Lusajo. Jumamosi jioni, kwangu Mwanjelwa.

Dada Sekela [18:47]: Hesabu hii hapa. Unga wa ngano kilo 3. Mayai 24. Sukari kilo moja na robo inatosha, ndizi zenyewe ni asali. Mafuta lita moja. Nazi 5. Kisukari ni ndogo, kwa hiyo msiniulize ndizi ngapi, tunapima kwa kikombe: rojo kikombe kimoja na nusu kwa kila mkate. Kila mtu aseme analeta nini.

Dada Sekela [19:15]: Naona mmesoma watu tisa.

Gwakisa [19:21]: Dada ndizi nyeusi hizo zimeshajipikia pombe zenyewe. Shemeji yetu wa Moshi akipita hapo atadai mbege 😂

Shemeji Moshi [19:22]: Nipo njiani na ndoo

Gwakisa [19:22]: 😂😂 funga mlango Sekela

Dada Sekela [19:24]: Gwakisa, unaleta nini?

Mama Neema [19:40]: Mimi unga. Ila nazi 5 za nini mdogo wangu? Nazi huku zinapanda gari kutoka pwani, bei yake unaijua. Weka njugu za makademia, zimejaa hapa hapa Rungwe.

Dada Sekela [19:44]: Dada, nataka mkate wenye harufu ya nazi. Mtu akikata kipande nyumba nzima ijue. Makademia tutaweka juu, zimepondwa kidogo. Basi nazi ziwe 3, nusu ya mikate iwe na nazi.

Mama Neema [19:45]: Hapo sawa.

Dada Sekela [19:46]: Na ile sufuria kubwa ya aluminiamu iko kwa nani? Tutaokea mkaa, oveni yangu inaingiza vibati viwili tu.

Gwakisa [19:58]: Sufuria iulizwe kwa waliokuwepo kwenye arobaini. Mimi simo.

Gwakisa [19:59]: Ila dada tafadhali, mkate usiwe kama keki ya Krismasi ile. Ilikuwa na bonde katikati kama ziwa Ngosi la kule mlimani, ilibaki kujaa maji tu 😂😂

Shemeji Moshi [20:00]: 😂😂😂

Mjomba Ambwene [20:11]: Safari hii mayai yahesabiwe mbele ya watu.

Tumpe Kyela [20:36]: Nimesoma.

Mama Neema [20:38]: Jamani.

Gwakisa [20:41]: Mi nilitania keki tu, sikufika huko.

Dada Sekela [21:03]: Naomba mnisome vizuri, na mjomba nakuomba na wewe usome. Mwaka huu nimeoka mkate wa ndizi mara tatu kwa vipimo vya Tumpe, vile vile alivyoniandikia. Mayai nilinunua mwenyewe, nikavunja mwenyewe. Mara zote tatu uliumuka haraka ukapanda vizuri, nikafurahi, halafu ukashuka katikati. Bonde lile lile.

Dada Sekela [21:09]: Vipimo havina kosa. Ni vya Kyela. Kyela iko chini kule ziwani, kama mita 500. Hapa Mbeya tuko kama mita 1,700. Hewa yetu ni nyepesi, kwa hiyo hewa ya beking pauda inatanuka kupita kiasi, mkate unavimba kabla ya kukauka ndani, halafu unakosa cha kuushikilia. Ni sababu ile ile maharage yakiiva upesi Kyela, hapa yanamaliza mkaa: maji yetu yanachemka kabla hayajafika nyuzi 100.

Dada Sekela [21:12]: Mara ya nne nikapunguza. Badala ya vijiko viwili vya chai kwa mkate, nikaweka kimoja na nusu. Nikapunguza sukari kidogo na kuongeza moto kidogo. Ukasimama. Kijiti kikatoka kikavu, na juu ukapasuka ule mpasuko mzuri. Tumpe alioka keki ile Mbeya kwa mkono wa Kyela. Mayai yalikuwemo yote.

Mama Lusajo [21:30]: Kumbe.

Shemeji Moshi [21:34]: Sasa mbege inapikwa au haipikwi

Mama Neema [21:35]: Shemeji, subiri kidogo.

IJUMAA

Neema [07:18]: Shikamooni. Niko kwa bibi. Nimemsomea yote ya jana. Amesema niandike kama anavyosema, nisipunguze neno.

Neema [07:25]: "Mkungu ule niliukata mimi. Ambwene, ulisema mtoto wa dada yako amekula hela ya mayai. Ulisema mezani kwangu, watu wamekaa. Nilinyamaza kwa kuwa ilikuwa sikukuu, na sikupenda kunyamaza kwangu. Tangu siku ile Tumpe akija hapa haingii jikoni, anakaa barazani kama mgeni. Mkate huo sitauonja kama Tumpe hakuukoroga. Nimemaliza."

Neema [07:26]: Ameingia kulisha ng'ombe.

Gwakisa [09:50]: Shikamoo bibi. Tumpe dada yangu, lile la bonde nimelifuta. Nisamehe.

Mama Lusajo [10:14]: Mafuta lita moja naleta mimi. Na Lusajo atakuna nazi, kipaimara ni chake.

Dada Sekela [10:20]: Asante. Mkaa nimenunua. Vibati ninavyo 8, natafuta 4. Sufuria bado. Tutaweka mchanga chini, vibati juu yake, makaa mengi juu ya mfuniko na machache chini. Chini pakizidi moto mkate unaungua kitako ndani bado uji. Mkate mmoja ni kama saa nzima, kwa hiyo watu wajipange kulala kwangu.

Dada Sekela [10:22]: Tumpe, umeona ujumbe wa bibi?

Mjomba Ambwene [13:41]: Mama, nimekusikia. Mayai ni yangu. Trei nzima.

Mama Neema [13:43]: Asante kaka.

Dada Sekela [13:44]: Asante mjomba. Na lile jingine?

Dada Sekela [14:30]: Mjomba?

Baba Lusajo [16:02]: Habari za mchana wote, nilikuwa safarini, mtandao ulikuwa mbovu. Kipaimara ibada inaanza saa tatu kamili, watu wawahi. Mkate ni wa nini tena?

Mama Lusajo [16:03]: Panda juu usome.

Tumpe Kyela [19:17]: Neema, mwambie bibi ndaga, asante sana. Mwambie nimelia kidogo lakini niko sawa.

Tumpe Kyela [19:19]: Kesho nina zamu mpaka saa nane. Nikitoka hapo gari za kupanda Mbeya huwa zimejaa. Siahidi.

Dada Sekela [19:20]: Tutakusubiri hata saa nne usiku.

Tumpe Kyela [19:24]: Ndizi msizimenye mapema. Zikae na maganda yake mpaka dakika ya mwisho. Mkiziponda ziachieni vipande vidogo vidogo, msizifanye uji. Unga ukishaingia msikoroge sana, utakuwa mgumu kama mpira.

Tumpe Kyela [19:25]: Kakao ya huku ninayo nusu kilo, imeshasagwa. Nikipata gari nitakuja nayo. Nikikosa nitampa dereva.

Gwakisa [19:31]: Nikupokee Uyole?

Gwakisa [20:15]: Tumpe, nikupokee?

Dada Sekela [21:40]: Basi tumefika: unga Mama Neema, mafuta Mama Lusajo, mayai mjomba. Nazi 3 nanunua mimi, mtanirudishia. Sukari hakuna aliyesema. Nauliza kwa mara ya tatu, sufuria kubwa iko kwa nani?