Naombeni ushauri: chumba changu cha maonesho kinafunguliwa Ijumaa, nikiache au nikifunge?

Brashi Kavu:
Habari za jioni wakuu. Mimi ni mchoraji, naishi Dar es Salaam. Nimepewa chumba kizima kwenye maonesho ya pamoja, jambo nililolitamani tangu nianze kushika brashi, na ufunguzi ni Ijumaa hii. Badala ya kufurahi, chakula hakipiti.

Sijatundika picha. Nimejenga sebule. Kuna kiti cha mbao chenye mto, redio ndogo, shati la mwanaume kwenye msumari, na mezani sahani iliyofunikwa kawa. Ukutani kuna kamera za ulinzi, zile nyeupe za duara, zote zinatazama kiti. Kazi inahusu watu wanaochukuliwa na magari yasiyo na namba na hawarudi. Sijaweka jina la mtu, wala sura ya kiongozi, wala bendera.

Juzi msimamizi wa maonesho akanipigia, eti kuna mtu kamuuliza chumba cha mwisho kina maana gani. Hakumtaja. Kaka yangu anataka nikifunge. Mke wangu hasemi kitu, na huo ukimya ndio unanitisha zaidi. Nikifunge au nikiache? Na kama kuna aliyewahi kuonesha kazi za aina hii hapa nchini, aniambie alioneshea wapi na mwisho wake ulikuwaje.

Mzee wa Kigamboni:
Mdogo wangu, funga. Umemsahau Shadrack Chaula wa Rungwe? Mchoraji kama wewe. Mwaka 2024 alichoma picha ya Rais kwenye video, mahakama ikampa miaka 2 jela au faini ya shilingi milioni 5. Watu wakachanga, akatoka. Agosti ya mwaka huohuo zikaja habari kwamba amechukuliwa na watu wasiojulikana. Faini ililipwa, na bado. Chora twiga na Mlima Kilimanjaro, watalii wananunua, watoto wanakula.

Shuka Jekundu:
Mzee shikamoo, lakini hapo kwenye twiga sikubaliani nawe. Michoro hiyo ya wanyama aliianzisha Edward Saidi Tingatinga, na mwaka 1972 alikufa hapahapa Dar kwa risasi za polisi waliomdhania mhalifu. Hakuwa na siasa hata tone. Twiga hawajawahi kuwa kinga ya mtu. Mleta uzi, acha mlango wazi.

Karani Mstaafu:
Nimesoma yote. Wamakonde walichonga watu wamebebana kuanzia chini hadi juu kwenye gogo moja, tukaita Ujamaa, na mgeni akiondoka nalo anaondoka na heshima ya nchi. Leo kijana anatundika shati kwenye msumari anaita sanaa, halafu mnalalamika hamnunuliwi. Sanaa ijenge. Hofu tunayo ya kutosha majumbani.

Brashi Kavu:
Mzee wangu, hiyo hofu ya majumbani ndiyo nimeijenga. Sijaileta kutoka nje.

Nai Rangi:
Salamu kutoka Nairobi. Ndugu, hilo la "sijaweka jina wala sura" lisikudanganye. Kwetu kuna kijana, Kibet Bull, alikuwa anatengeneza vivuli vyeusi vya Rais. Kivuli tu, hakuna macho, hakuna mdomo. Alipotea Desemba 2024, akaachiliwa mapema Januari 2025 pamoja na vijana wengine, baada ya watu kuandamana barabarani. Kwa hiyo anayetaka kukusoma atakusoma hata ukichora duara.

Mimi nilichora ukutani mtaani kwetu, mama ameshika viatu vya mwanawe. Nilikesha na watoto wa mtaa wakinishikia tochi. Kulipokucha ukuta ulikuwa umepakwa chokaa. Hakuna aliyeniuliza kitu wala kunigusa. Ila tangu siku ile nikichora mtaani nageuka nyuma kila baada ya muda kidogo, na mstari wangu umeharibika. Nilikuwa na mstari mzuri sana mimi. Walichochukua ni hicho.

Bwana Kahawa:
Ukifunga chumba, kiti utauza? Mgongo wangu na viti vya plastiki hatuelewani.

Bi Zuhura:
Bwana Kahawa, kuna watu humu wana viti ambavyo mwenyewe hajarudi. Pita polepole.

Wakili Njiani:
Mleta uzi, nina swali moja kabla ya ushauri. Umesema kamera zote zinatazama kiti. Zinafanya kazi?

Brashi Kavu:
Asanteni wote. Wakili, kamera ni sehemu ya muundo wa kazi. Naomba tubaki kwenye swali la kufunga au kuacha.

Wakili Njiani:
Nimeuliza jambo la ndiyo au hapana.

Fundi Nyaya:
Na mimi nasubiri jibu. Nafunga kamera kila siku, naijua sentensi ya mtu anayekwepa.

Brashi Kavu:
Sawa. Moja ni nzima, nyingine zote ni maganda matupu niliyookota kwa mafundi Kariakoo. Mgeni anaingia, anakaa, anasikiliza redio, anatoka kwa mlango wa pili. Huko nje kuna skrini, na kwenye skrini anamwona aliyekaa kabla yake. Hapo ndipo anaelewa kwamba na yeye ametazamwa. Nikibandika tangazo mlangoni, mtu ataingia amejiandaa, atatengeneza uso, na kazi itakuwa imekufa. Watu wanaochukuliwa hawapewi tangazo.

Na ili mjue sijafanya kwa mchezo: kiti na shati ni vya kweli. Ni vya mtoto wa mama mmoja jirani yetu. Alichukuliwa akitoka kazini na mpaka leo hakuna kituo kinachokiri kuwa naye. Mama amenikabidhi vitu hivyo kwa mikono yake miwili, na Ijumaa yeye ndiye atakaa wa kwanza.

Wakili Njiani:
Mama anajua kwamba kamera moja ni nzima?

Brashi Kavu:
Anajua kuna kamera.

Wakili Njiani:
Kaka.

Brashi Kavu:
Hajui kama inafanya kazi. Lakini jamani, hii si mimi niliyeibuni. Msanii Ai Weiwei kule Beijing, China, alifunga kamera nyumbani kwake, dunia nzima ikamsifu. Mialiko imeshatumwa. Chumba kimeshapigwa rangi. Siwezi kubomoa wazo zima kwa sababu ya waya mmoja.

Shuka Jekundu:
Hapo Brashi umejifunga mwenyewe, na mimi ndiye niliyekuwa upande wako. Ai Weiwei alishikiliwa siku 81 mwaka 2011. Mwaka uliofuata akafunga kamera 4 ndani ya nyumba yake, moja juu ya kitanda chake, akajirusha mwenyewe mtandaoni usiku na mchana. Maana yake ilikuwa: mnanichungulia, basi tazameni vizuri. Wakuu wa serikali wakaamuru zizimwe baada ya siku mbili hivi. Aliyekuwa anaonekana pale ni yeye. Wewe unamweka mama wa watu kwenye kiti cha mwanawe, unamchungulia, halafu unampitisha kwenye skrini wageni wakiwa na glasi za juisi mkononi.

Wakili Njiani:
Nimalizie upande wangu. Tanzania kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 2023. Uso wa mtu unaomtambulisha ni taarifa yake. Kwa kawaida anatakiwa ajue unaichukua, kwa sababu gani, na itaishia wapi. Ulikuja hapa ukiogopa kushtakiwa kwa ajili ya shati. Mtu anayekutafutia sababu hahitaji kugusa siasa hata kidogo, umempa kamera. Na kibali cha maonesho waulize wasimamizi kama kinafunika kurekodi wageni. Nadhani hawajui.

Brashi Kavu:
Hawajui. Wangekataa.

Fundi Nyaya:
Mimi sheria siijui, najua vifaa. Kamera za bei yetu zinaandika kwenye memori kadi zenyewe bila kuombwa, na nyingi zinapeleka nakala kwa seva za kampuni huko nje. Ukifuta kwenye simu hujafuta kwenye kadi. Kwa hiyo mpaka Ijumaa usiku utakuwa na kadi moja ndogo yenye sura ya kila aliyekuja kusikitika na huyo mama: waandishi, wanasheria, ndugu wa waliopotea, wote wamekaa wima, taa nzuri, mmoja baada ya mwingine. Yule aliyemuuliza msimamizi wako akija na watu wake, hana haja ya kuuliza nani alihudhuria.

Nai Rangi:
Nimesoma hapo kwa Fundi nikasimama kitini.

Owen Maseko wa Zimbabwe alionesha kazi zake Bulawayo mwaka 2010, kuhusu Gukurahundi, mauaji ya raia yaliyofanywa na jeshi la nchi hiyo miaka ya 1980. Maonesho yalifunguliwa, kesho yake akakamatwa, na chumba kikafungwa kwa miaka, kazi zimegeuka ushahidi. Zile zilikuwa rangi ukutani. Rangi haimtaji mgeni. Chumba chako kikigeuzwa ushahidi, ushahidi ni wageni wako.

Jicho la Tatu:
Ngojeni kwanza. Hakuna anayeona ninachokiona? Akaunti ina wiki moja. Uzi wake wa kwanza. Na kwenye aya ya mwisho anaomba kila aliyewahi kuonesha "kazi za aina hii" aseme alioneshea wapi. Nani huwa anauliza swali hilo? Ama hii ni chai, hadithi ya kutunga, ya mwanafunzi anayetafuta sifa, ama ni mtu wa mfumo anakusanya majina na nyie mnampangia foleni. Mkenya ameshamwaga habari ya ukuta wake wote.

Nai Rangi:
(Mwandishi amehariri ujumbe huu.) Nimeondoa jina la mtaa.

Mzee wa Kigamboni:
Mimi ieleweke nilisema afunge. Iko hapo juu, ujumbe wa kwanza kabisa.

Karani Mstaafu:
Nami nilitetea heshima ya nchi. Naomba uongozi wa jukwaa uzingatie.

Shuka Jekundu:
Jamani, tazameni tulivyokimbia. Mtu kaandika mistari michache na kila mmoja anatafuta risiti ya uzalendo wake. Mimi nabaki na nilichoandika.

Jicho la Tatu:
Maneno mazuri. Alete picha ya chumba.

Brashi Kavu:
Siwezi kuleta picha. Majirani wanakijua kile kiti, na mama sijamwomba ruhusa ya kukiweka mtandaoni.

Jicho la Tatu:
Ruhusa ya picha humu unaijali, ya kamera huijali. Chai.

Fundi Nyaya:
Nimjaribu mimi. Brashi, hiyo kamera nzima ikiwaka inatoa kitaa. Kitaa umekifanyaje watu wasikione?

Brashi Kavu:
Kilinisumbua sana. Nilianza na gundi ya karatasi, mwanga ukapenya. Mwishoni nimepaka rangi ya kucha nyeusi, mara mbili, na adapta nimeificha ndani ya redio. Ndiyo maana redio inanguruma kidogo, nikaona inafaa nikaiacha.

Fundi Nyaya:
Huyu amefunga kamera kweli. Huo mngurumo wa adapta karibu na redio hautungwi na mtu aliyekaa kwenye kochi.

Jicho la Tatu:
Na hao tunaowaogopa unadhani hawajui kufunga kamera? Sijashawishika. Naondoka, na nawashauri mfute majina ya mahali.

Bi Zuhura:
Awe mkweli au awe mtego, nitaandika, kwa sababu hakuna kitu changu ambacho hawajakijua.

Mdogo wangu hajarudi. Sitasema mwaka. Kwetu, gari likipunguza mwendo getini, mazungumzo yanakatika hata kama tulikuwa tunahesabu vitunguu. Simu ikipigwa na namba mpya mama anaipokea kwa kusimama. Watu wamekuja kuturekodi, wengine kwa nia njema, wengine sijui, na kila mmoja ameondoka na uso wa mama ndani ya simu yake. Hatujui nyuso hizo ziko wapi sasa hivi. Kitu pekee tulichobaki nacho cha kuamua ni nani atuone tukilia.

Brashi, sebule yako nimeielewa. Ile kawa juu ya sahani nimeiona kabla hujamaliza sentensi, kwetu ilikaa hivyo mpaka tukashindwa. Chumba hicho kioneshe, mimi nitakuja. Lakini mama huyo alikupa kiti akijua unamkumbuka mwanawe. Hakukupa uso wake. Kamwambie. Akisema kaa na kamera, ikae. Akisema toa, utoe, na sebule itasimama bila hiyo kamera.

Brashi Kavu:
Bi Zuhura, pole sana dada yangu. Nimesoma nikatoka nje kidogo ya nyumba.

Nitamwambia mama. Hilo limekwisha. Kwa wageni wengine bado nina msimamo wangu: wakijua kabla, chumba kinakuwa sebule tu. Labda skrini ioneshe bila kuhifadhi. Nifikirie.

Wakili Njiani:
"Bila kuhifadhi" ni jambo la Fundi kuthibitisha, si la kutamani. Toa kadi, kata mtandao, waya uende moja kwa moja kwenye skrini. Na wakitoka waambie kwa maandishi kwamba hakuna kilichobaki. Kama huwezi kuandika sentensi hiyo kwa kweli, usiwashe.

Fundi Nyaya:
Inawezekana, ila si kwa kamera hiyo. Inahitaji ya waya. Ninayo, nakuazima, bei tutaongea baadaye au tusiongee. Swali: ulifanya majaribio?

Brashi Kavu:
Ndiyo, Jumamosi.

Fundi Nyaya:
Nani alikaa?

Brashi Kavu:
Vijana waliopaka rangi. Na mama, alipoleta shati. Alikaa muda mrefu.

Fundi Nyaya:
Kadi iko wapi?

Brashi Kavu:
Ndani ya kamera. Chumba kimefungwa, ufunguo anao msimamizi.

Bi Zuhura:
Mpigie sasa hivi. Usingoje kukuche.