Linux Mint mpya kwa laptopu, niweke pleya gani ya video na ya miziki?

mtoto_wa_langoni (Lamu)
Assalam aleikum wakuu. Nina laptopu ya mtumba, i5 ile ya kizazi cha tatu, RAM 4 GB, Windows ilikuwa ishaishinda kabisa, binamu yangu wa Malindi akanitilia Linux Mint na sasa inakwenda vizuri wallahi. Shida nikifungua ile stoo ya programu naona mapleya chungu nzima, VLC, mpv, Celluloid, Rhythmbox, Audacious, Strawberry, na zote bure, sasa mtu achague vipi? Mimi kazi zangu ni kutizama video, nyingi za Maulidi pale msikiti wa Riyadha ambazo jamaa wananirushia kutoka kwa simu zao, na kusikiza kasida na taarabu, nina foda moja kubwa majina ya faili hata hayaeleweki. Halafu kuna video zingine zinacheza sawa na zingine picha inaganda sauti inaendelea, yaani unasikia matwari na watu wamesimama kama picha ya ukutani. Hio ni pleya mbovu ama ni Linux?

fundi_malindi
Waaleikum salaam. Weka VLC ndugu yangu, usijisumbue. Ilianzwa na wanafunzi wa chuo kimoja Ufaransa 1996, tangu 2001 ni huria, yaani kodi yake iko wazi kwa kila mtu, na inafungua karibu kila takataka utakayoipa. Fungua terminali, lile dirisha la kuandika amri, uandike `sudo apt install vlc`, basi. Celluloid ushakuwa nayo, ndio inakuja na Mint, ile ni sura tu, injini ndani ni mpv. Na kama wakati wa kuinstoli hukutia tiki pale pa kodeki, vile vipande vya kufungulia aina za video na sauti, nenda kwa menyu upande wa sauti na video utaona pa kuziweka, ila uwe na bando.

binti_shela
Fundi umejibu swali la kwanza la pili umeliruka 😄 Kuganda kule VLC haitamsaidia. Kaka, fungua moja ya zile zinazoganda kwa VLC ubonye Ctrl na J, angalia imeandikwa nini pale pa kodeki. Nina hakika utaona HEVC, ndio H.265, njia mpya ya kubana video, na zile zinazocheza sawa ni H264, ile ya zamani. Aifoni tangu 2017 zinarekodi HEVC zenyewe bila kuulizwa manake faili inakuwa ndogo, lakini chipu ya Intel ya kizazi cha tatu haina kipande cha kuifungua, hio ilikuja kizazi cha sita, kwa hivyo prosesa yako inabeba mzigo wote peke yake na ikiwa video ni 4K, ile ya picha kubwa sana, haiwezi, ukirudi Windows itaganda vile vile. Mwambie anayerekodi aende kwa mipangilio ya kamera, kwa fomati, achague Most Compatible. Zile ulizonazo tayari zigeuze kwa ffmpeg, programu ya terminali ya kugeuza video na sauti:

`ffmpeg -i maulidi.mov -vf scale=-2:1080 -c:v libx264 -crf 23 -pix_fmt yuv420p -c:a aac maulidi.mp4`

Kwa mashine hio itachukua mda sana, iwache usiku ikiwa kwa chaji. Ukiogopa terminali kuna HandBrake, ni kubonyabonya tu.

mzee_wa_kanda
Video mmemaliza, mimi niseme ya kusikiza. Strawberry ni nzuri lakini ni ya mtu ambaye nyimbo zake zina lebo ndani, jina la mwimbaji, albamu, vitu hivyo. Kasida za kurushiana kwa simu hazina lebo, ukiziingiza mle zote zitarundikwa pamoja bila jina, utakasirika bure. Chukua Audacious, inacheza foda kama ilivyo na RAM haili. Ukipata nafasi utie lebo taratibu na Kid3. Kwa darsa ndefu mimi natumia mpv, mabano ya mraba yanapunguza na kuongeza kasi, na ukifunga kwa Shift na Q inakumbuka ulipofikia, ukiifungua tena inaendelea pale pale. VLC nayo inajaribu lakini yaniuliza maswali.

fundi_malindi
Mzee mpv haina hata vitufe vya maana, mgeni utampoteza.

mzee_wa_kanda
Vitufe vya nini, spesi inasimamisha, mishale inapeleka mbele na nyuma, 9 na 0 ni sauti. Ushajua yote.

mtoto_wa_langoni (Lamu)
Dada wa Shela ni kweli, zote zinazoganda ni HEVC, na zote zimetoka kwa jamaa mmoja mwenye aifoni. Nimegeuza moja fupi ikacheza vizuri. Audacious nishaweka, VLC pia. Mzee, kuna zingine za simu za zamani zinaishia na .amr, hizo Audacious itazifungua?

mzee_wa_kanda
Jaribu VLC kwanza kwa hizo. Ikicheza, zigeuze kwa ffmpeg ile ile ziwe mp3, sauti yake ni ya simu hivyo usitarajie kuwa safi.