Ushauri: Dar – Bagamoyo – Saadani – Pangani – Tanga kwa IST, inawezekana?

Wakuu, habari za jioni. Likizo ya Pasaka watoto tunawapeleka kwa bibi yao, mimi na mke wangu tunazunguka pwani. Gari ni IST, Toyota ndogo ya chini. Yeye ni mwalimu wa historia, akiingia makumbusho kumtoa ni kazi. Mimi nataka bahari na wanyama. Ramani inaonyesha njia ya pwani kutoka Bagamoyo hadi Pangani. Kuna aliyeipita karibuni?

Dereva Mstaafu: Masika hii na IST? Njia ya Saadani sahau, mkuu. Kuna vipande vya udongo mweusi, ukilowa tairi zinavaa tope mpaka kashata (meno ya tairi) hazionekani, usukani unageuza na gari linakwenda linakotaka lenyewe. Barabara inajengwa, kwa hiyo waulize madereva wa malori Bagamoyo, ramani haijui tope. Shika lami ya Msata, panda hadi Segera, shuka Tanga. Unazunguka, lakini unafika.

Binti wa Kaole: Bagamoyo mlale. Watu wanapita mbio, wanapiga picha Boma, jengo la zamani la utawala wa Wajerumani, wanaondoka. Misheni ya Wakatoliki ina makumbusho yake, na mnara wa kanisa la zamani ndipo ulipolazwa mwili wa Livingstone, yule mpelelezi Mwingereza, mwaka 1874, baada ya watumishi wake akina Chuma na Susi kuubeba kutoka bara. Shemeji hapo mpe muda wake. Kaole nendeni asubuhi, kuna magofu ya msikiti wa karne ya 13, na jua la saa saba pale halina huruma.

Mtu wa Wami: Dereva Mstaafu, usimkatishe tamaa mwenzio. IST aiache Bagamoyo, akodi gari la juu lenye dereva, hata akichangia na wengine. Saadani ndiyo hifadhi ya taifa ya Bara ambako nyika inaishia kwenye Bahari ya Hindi, na boti ya Mto Wami inakupitisha karibu na viboko na mamba. Kibali ni cha saa 24, ukiingia mchana unapata na asubuhi ya pili. Getini hawapokei fedha taslimu, weka salio kwenye kadi kabisa.

Dereva Mstaafu: Akikodi sawa. Mvua ikinyesha usiku kucha, hata hilo la juu nalivutia kamba.

Mpangani: Mkifika huku Pangani ulizeni maji yanajaa na kupwa saa ngapi kabla ya kulipa boti. Kisiwa cha Maziwe ni fungu la mchanga, maji yakijaa hakionekani. Siku za bamvua (mwezi mwandamo na mwezi mpevu) yanakupwa kama saa nne asubuhi, safi kabisa. Siku za maji mafu (nusu mwezi) yanakupwa jioni, mtarudi na giza.

Mleta uzi: Asanteni sana. Madam amesoma yote, Misheni ameshaipa siku nzima. Saadani tutakodi, mvua ikizidi tunaruka. Tanga je, mapango ya Amboni anaweza kuingia na kandambili?

Binti wa Kaole: Mapangoni? Ukimpenda mnunulie raba! Kuna sehemu mnapita mmeinama, chini kunateleza, na popo juu. Tochi yenu wenyewe pia. Na msiondoke bila kuingia makumbusho ya Urithi, kwenye boma la zamani la Wajerumani, ina picha za Tanga ya kale.

Mpangani: Basi hapo hesabu siku nyingine nzima, mkuu.