Madaktari mliofanya kazi Marekani, huko watu wanaugua nini haswa?

mwana_wa_Manyatta:
Habari zenu wakuu. Mimi ni daktari, nilimaliza intanshipu hapa Kisumu mwaka jana na tangu hapo niko nyumbani nafanya lokamu kwa kliniki za mtaa, wakiniita nalipwa wasiponiita nakaa. Wenzangu watatu wanasomea ile mitihani ya Marekani na mimi pia nimeanza kutafuta pesa ya kujisajili. Sasa shida ni mama. Kila jioni anaona kwa taarifa watoto wamepigwa risasi shuleni, watu wanalala kwa mahema kando ya barabara, alafu ananigeukia anauliza nchi iko na pesa hivyo inakuaje na hizo shida, na wewe unaenda kutafuta nini huko. Sikua na jibu. Mambo ya mshahara najua, sitaki kuambiwa. Nataka mtu ametibu watu kule aniambie aliona nini wodini.

Daktari_wa_Kisian:
Kijana wangu nilikua Ohio miaka tisa, magonjwa ya watu wazima, nikarudi 2022. Nakuambia venye niliona mimi.

Kilichonishtua kwanza sio risasi, ni fomu. Mgonjwa akilazwa kuna mahali anaandikwa mtu wa kupigiwa simu kukitokea jambo. Hapa kwetu hiyo nafasi haitoshi, utapewa namba ya mke, ya kaka, ya shemeji, ya pasta, na wote wako hapo mlangoni wanabishana na askari nani aingie. Kule niliikuta tupu nikadhani karani amesahau nikamrudishia. Akaniambia hapana daktari, huyu hana mtu. Mzee wa miaka 71, alikua mtu wa kiwanda maisha yake yote, watoto anao lakini wako majimbo ya mbali na hawaongei. Alikaa siku 16 na hakuna mtu hata mmoja aliingia kumjulia hali. Alikufa alfajiri, mimi na nesi tumesimama pale, na venye nimezoea kwetu nikawa nangoja kusikia mtu akilia huko nje kwa korido. Hakuna. Nesi akaandika saa akafunga pazia.

Baada ya huyo nikaanza kuangalia hiyo nafasi kwa kila faili. Vivek Murthy, aliyekua daktari mkuu wa serikali yao, 2023 alitoa waraka mzima kwamba upweke ni janga la afya, kwamba kukosa watu kunaweza kukufupishia maisha sawa na kuvuta hadi sigara 15 kwa siku. Mimi sikuhitaji kuambiwa, nilikua nimeshaona.

Alafu kuna dawa. Hii inaniuma kama daktari kwa sababu ilianzia kwa mikono yetu. Kampuni ya Purdue ilileta OxyContin 1996, dawa kali ya maumivu ya ukoo wa afyuni, na madaktari wakaambiwa ni wagonjwa wachache sana watanaswa nayo. Wakaandikia kila mtu, aliyeumia mgongo kiwandani, aliyeng'olewa jino. Watu wakanaswa, tembe zilipobanwa wakaenda kwa heroini, alafu ikaja fentanili ambayo chembe kidogo tu inasimamisha pumzi. Kampuni yenyewe ilikiri makosa ya jinai kortini 2020, na mwaka uliofuata waliokufa kwa kuzidisha dawa walipita laki moja kwa mwaka mmoja. Imeshuka sasa, 2024 ilikua kama elfu 80, lakini hiyo bado ni watu wengi sana. Niliwahi kulaza kijana mmoja mara tatu kwa mwaka mmoja, kila mara watu wa ambulensi wamemwamsha kwa naloksoni, dawa ya kuondoa nguvu ya hizo za afyuni. Mara ya nne hakuletwa.

Na bei. Waliovumbua insulini, dawa ya kisukari, waliuza haki yake kwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola moja moja, 1923, wakitaka kila mtu aipate. Miaka karibu mia baadaye mimi natibu mama ako na kazi mbili na hana bima, dozi ya siku moja anaivuta siku mbili, sukari ikapanda mpaka damu ikawa asidi. Alipofungua macho ICU aliniuliza hiki kitanda ni pesa ngapi kwa siku. Hakuuliza atapona lini.

Ya bunduki mwambie mama ako na haki kuogopa, lakini kuna kitu taarifa hazionyeshi sana, kwamba zaidi ya nusu ya wanaokufa kwa bunduki huko wamejipiga wenyewe. Chumbani, peke yao. Tunarudi palepale kwa fomu.

Nesi_Nakuru:
Daktari umenikumbusha dada yangu mkubwa, ako Minnesota kwa nyumba ya wazee. Kuna bibi humwita kwa jina la binti yake wa kumzaa na dada huitika tu, anamchana nywele anamwambia ndio mama nimefika. Dada mwenyewe hajaona mama yetu miaka saba juu makaratasi hayajakamilika. Kila Jumapili mama anauliza atarudi lini.
Lakini tusijidanganye ati hiyo ni ya wazungu pekee. Mwezi uliopita nimepokea shosho hapa Nakuru presha imepanda, watoto wanne wote wako Nairobi na ng'ambo, na aliyejaza hiyo fomu unayosema ni mtu wa boda aliyemleta. Aliweka namba yake mwenyewe.

Kijana_Mumias:
Daktari kwa heshima zote, mimi naona mnasifu undugu kupita kiasi. Mjomba wangu alizungukwa na watu ishirini na oksijeni hakuna. Alafu alipokufa mwili ukashikiliwa mochari wiki tatu kwa sababu ya bili, hospitali siitaji, tukafanya harambee mara mbili, tukauza ng'ombe wa shangazi. Wale ishirini walilia sana lakini kulia hakukulipa. Angalau huko mtu akifika emagensi anatibiwa kwanza.

Daktari_wa_Kisian:
Kijana wa Mumias pole sana kwa mjomba, na ni kweli usemayo. Huko sheria ya 1986 inalazimisha emagensi imhudumie mtu mpaka atulie hata kama hana senti, na nimeona ikifanya kazi usiku mwingi. Bili humfuata baadaye nyumbani, inamkimbiza miaka, lakini ako hai wa kukimbizwa. Hapa Katiba yetu ibara ya 43 inasema hakuna mtu atanyimwa matibabu ya dharura, na bado nimeona mtu anaulizwa dipositi akiwa anatoka damu. Nilirudi nikapata wodi imejaa jamaa na kabati la dawa liko wazi tupu. Sijawahi kusema kwetu ni bora. Nikiwa kule nililia kwa sababu ya watu, hapa nalia kwa sababu ya vifaa.

Na wewe wa Manyatta, fanya mitihani. Enda. Kule utajifunza kutibu mgonjwa ukiwa na kila kipimo mkononi na hiyo haitapotea bure. Lakini kabla ya kumruhusu mgonjwa kwenda nyumbani muulize nani anakuja kukuchukua. Mimi ilinichukua miaka miwili kujua kuuliza hilo.

mwana_wa_Manyatta:
Asanteni sana wote, ubarikiwe daktari. Nimemsomea mama yote hapa jikoni, Kiingereza cha dawa nikimweleza kwa Dholuo. Amenyamaza muda mrefu. Mambo ya risasi hajauliza tena. Ameuliza yule mzee wa siku 16 alizikwa na nani.

Daktari_wa_Kisian:
Mwambie mama hakuzikwa. Asiyekuja kuchukuliwa na mtu, kaunti ndiyo humshughulikia, na huyo walimchoma. Ilikua Alhamisi. Mimi nilikua shifti.