Mrejesho: Mdogo wangu na jinamizi la ajali ya basi

Ndugu zangu, niliwaomba ushauri kuhusu mdogo wangu, ambaye baada ya kunusurika katika ajali ya basi alikuwa akishtuka usiku akipiga kelele na hakuthubutu tena kupanda gari lolote. Nawashukuru nyote, hasa mliopendekeza tiba ya kusimulia, ile iliyojaribiwa kwa wakimbizi wa Nakivale, Uganda, kwani ndiyo tuliyoifuata.

Katika kikao cha mwanzo mwanasaikolojia alitandaza kamba sakafuni, akamtaka aweke maua palipo na mema ya maisha yake na mawe palipo na mabaya, tangu kuzaliwa. Jiwe la ajali tulilitarajia. La msiba wa baba, ambalo lilikuwa kubwa karibu sawa nalo, hakuna aliyelifikiria nyumbani. Baadaye alisimulia kila tukio kwa mpangilio, mtaalamu akiandika na kumsomea upya ili asahihishe. Mwanzoni jinamizi lilizidi, kama tulivyokuwa tumeonywa, na nusura aache. Sasa analala usiku kucha na daladala anapanda.

Mabasi ya mikoani bado yanamshinda. Mazoezi ya kupumua yalimtuliza kwa muda tu, na tiba ya kufuatisha macho, ambapo mgonjwa hukumbuka tukio huku macho yakifuata mkono wa mtaalamu, aliyoibuni mwanasaikolojia Mmarekani Francine Shapiro mwaka 1987, hatukupata anayeitoa karibu nasi. Dawa za usingizi mtaalamu alizikataa, nami nadhani alikuwa sahihi. Mwezi ujao, kwa makubaliano naye, nitamsindikiza mdogo wangu kwa basi la mchana hadi Morogoro.