Ganzi ya vidole vya Bibi: kikundi cha majirani

Mama Zuhura: Shikamooni wakubwa. Bibi yetu vidole vya miguu vinakufa ganzi, usiku nyayo zinawaka moto. Baridi hii au?

Juma Mfamasia: Marahaba. Mguu mmoja au yote?

Mama Zuhura: Yote miwili. Ilianzia vidoleni, sasa inapanda.

Nesi Rehema: Ikipanda hivyo kama soksi, si baridi. Neva (mishipa ya fahamu) ndefu kuliko zote ndizo zinazoishia vidoleni, kwa hiyo zinadhurika mwanzo. Sukari ndiyo mshukiwa wa kwanza. Apimwe asubuhi kabla ya kula, ikifika 7.0 mmol/L na hana dalili nyingine za kisukari, arudie siku nyingine.

Mama Zuhura: Kisukari anacho miaka mingi dada, anameza metformini.

Juma Mfamasia: Ahaa. Basi mwombeeni na kipimo cha vitamini B12. Metformini ya miaka mingi huipunguza mwilini, na upungufu wake huleta ganzi hiyohiyo. Asiache dawa! Wala msimpe vidonge vya B vya nguvu kwa kubahatisha: B6 ikizidi kwa muda mrefu nayo inaharibu neva. Wa kupewa B6 ni kama wale wa dawa za TB zenye isoniazidi, kwa dozi ndogo.

Baba Abdul: Na ikiwa mguu mmoja tu?

Nesi Rehema: Hapo kaka tazama mgongo. Ganzi ya kidole gumba na juu ya mguu, mara nyingi ni neva ya L5 (ya tano ya kiunoni) imebanwa; kidole kidogo na ukingo wa nje ni S1 (ya kwanza chini ya kiuno). Cha tatu na cha nne tu, anza kwa kubadili viatu vinavyobana. Baka la ngozi lisilohisi, fikiria ukoma. Upo bado, na dawa ni bure.

Juma Mfamasia: Ya kukimbilia hospitali saa hiyohiyo: ganzi ya makalio na sehemu za siri, kushindwa kukojoa, au mguu kupoa na kupauka ghafla.

Mama Zuhura: Asanteni. Tulishamwandalia maji ya moto na chumvi ajikande.

Nesi Rehema: Yamwageni! Ataungua bila kujua. Maji ya uvuguvugu tu, wewe uyapime kwa kiwiko. Mkaushe katikati ya vidole, mafuta yasiingie hapo. Na viatu avikung'ute kila akivaa.

Mama Zuhura: Nimemwaga dada.